Anayerudisha Majina ya Nyimbo kwenye Redio za Magari

Saa mbili kasoro robo asubuhi, kinachoonekana ni miguu tu. Viatu viwili vya raba vimetokeza kwenye mlango wa abiria wa gari dogo jeupe. Mwili uliobaki uko chini ya dashibodi, na kutoka huko inasikika sauti ya mwanamke akibishana na waya.

"Toka basi. Si nimekuomba kwa heshima?"

Waya unatoka. Mwenye gari, muuguzi aliyemaliza zamu na macho yamemlegea kwa usingizi, amesimama kando akiwa amekunja mikono. Redio ya gari lake inapiga CD vizuri, ila haionyeshi jina la wimbo hata mmoja. Kila wimbo unakuja na namba tupu: TRACK 01, TRACK 02, hivyo hivyo mpaka mwisho. Fundi wa kwanza alimwambia redio imekufa, anunue nyingine, kisha akamwachia nyaya zinaning'inia.

Miguu inajivuta ndani, kichwa kinatokea upande wa pili. Miwani moja iko machoni, nyingine imepandishwa juu ya paji la uso.

"Nipe CD unayosikiliza kila siku," anasema fundi.

"Si unazo zako pale kwenye rafu? Jaribu na zako."

"Zangu zina adabu, dada. Nataka yako."

Muuguzi anatoa CD kwenye mkoba. Fundi anaitazama mgongoni, anaiingiza redioni, anatazama kioo, anaitoa. Kazi nzima haijachukua dakika mbili.

"Redio yako nzima kabisa. CD ndiyo bubu. Nani alikuchomea?"

"Shemeji yangu."

"Mwambie shemeji kazi aliiacha nusu. Nyimbo kaziweka, majina hajaandika. Redio itasoma nini?"

Muuguzi analipa pesa ya kuangaliwa tu, bei ya sahani moja ya chakula pale jirani, anaondoka akicheka. Nyaya zilizokuwa zinaning'inia zimefungwa bure.

Huyu ndiye Miwani Mbili. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye kitambulisho, lakini ukiliulizia mtaani kwake watu watakutazama kama umepotea njia. Miwani moja ni ya kuona mbali, nyingine ni ya kuona nyaya nyembamba kuliko unywele, na kwa kuwa hana subira ya kubadilisha, huvaa zote kwa pamoja.

Ana miaka arobaini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza ndani ya redio za magari. Karakana yake ina upana wa hatua nne na urefu wa hatua tano. Upande mmoja ni sehemu ya kuoshea magari, upande wa pili ni kibanda cha mume wake, fundi cherehani anayeshona viti vya magari. Ukuta kati yao ni wa mbao, kwa hiyo wanandoa hawa hugombana bila kuacha kazi.

Mafundi wa redio wako wengi. Yeye amejipatia sifa kwa ugonjwa mmoja ambao wenzake wengi huukimbia: redio inayoimba lakini haitaji jina la wimbo. Watu huvuka mji mzima kumletea.

"Kati ya redio kumi ninazoletewa kwa tatizo hilo, sita haziumwi chochote," anasema. "Ama CD haikuandikwa majina, ama redio ni ya aina isiyosoma majina tangu ilipotoka kiwandani, ama mwenyewe kabonyeza kitu. Nne zilizobaki ndizo zinazonilisha."

Kutoka ng'ambo ya mbao, sauti ya mume inadakia: "Angekuwa anawauzia hao sita redio mpya kama wenzake, sisi tungekuwa tunakaa ghorofani!"

"Shona kiti!" anajibu mke.

Uchungu wa maandishi aliurithi. Baba yake alikuwa fundi wa mashine za kuchapa, zile za vidole na utepe. Binti alipokuwa mtoto alikaa chini ya meza ya baba akisugua herufi kwa mswaki wa zamani. Herufi moja ikikwama, mzee hakula mpaka ikae sawa.

"Alikuwa anasema mtu amekuja na barua yake, wewe ukimwachia herufi moja imekufa, umemnyima neno," anakumbuka. "Sasa mimi nikiona kioo cha redio kimeandika namba mahali pa jina, siwezi kuondoka mezani. Kweli kabisa, siwezi."

Kompyuta zilipoingia maofisini, mashine za baba zikakosa wateja. Binti akaenda kusomea umeme wa magari kwa mwaka mmoja na nusu. Darasani walikuwa thelathini na mmoja, wanawake wawili. Mwenzake aliacha wiki ya pili. Yeye akajikaza kisabuni mpaka cheti.

Hakuanza akiwa hodari, na hafichi hilo. Mwaka wake wa kwanza aliletewa redio iliyoacha kuonyesha majina, akaifungua siku mbili nzima, akaing'oa kioo, akailehemu upya. Bado saa tu ndiyo iliyoonekana. Mama mzazi wa mteja, bibi aliyekuja kusindikiza, akachoka kungoja, akasema yeye ndiye aliyebonyeza kitufe kile cha pembeni ili aone saa, labda kikibonyezwa tena? Kikabonyezwa. Majina yakarudi yote.

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema Miwani Mbili, na bega linamtikisika kwa kicheko. "Tangu siku hiyo nina sharti. Mteja lazima nimwambie ukweli wa nilichokuta, hata kama ni ujinga wangu."

Lakini kisa kilichomtoa machozi, na ambacho ndicho kilichomfundisha kudai CD ya mteja kabla ya kushika bisibisi, ni cha dereva wa gari la mazishi.

Ilikuwa mwaka jana, mwezi wa sita. Dereva huyo, mwanaume wa miaka hamsini na minane, mrefu, mpole, kola imepigwa pasi ikasimama, alikuwa na miaka ishirini na mbili nyuma ya usukani wa gari lile lile la kampuni ya mazishi. Gari lina spika mbili juu ya paa. Familia ya marehemu huchagua nyimbo, ofisi huzichoma kwenye CD, na kazi ya dereva ni kuupiga wimbo sahihi kwa wakati wake: jeneza likitoka nyumbani, msafara ukiwa njiani, na kaburini.

Alilalamika kwamba redio imeacha kuandika majina. Miwani Mbili akaifungua, akaukuta waya bapa wa kioo umechubuka kidogo, akaubadilisha. Akachukua CD yake ya majaribio kutoka rafuni, akaiingiza. Majina yakaja yamenyooka. Dereva akashukuru mara tatu, akalipa, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata kukawa na mazishi ya mzee mmoja aliyependwa sana. CD mpya ikatoka ofisini, dereva akaiingiza, na kioo kikaandika namba tupu. Kwenye karatasi ya familia, wimbo wa kutoka nyumbani ulikuwa wa nne. Akabonyeza nne, maana tangu majina yapotee alikuwa anafuata namba za karatasi na hakuwahi kukosea. Hakujua kwamba aliyeichoma ile CD aliiacha kompyuta izipange nyimbo kwa alfabeti.

Jeneza lilipovuka kizingiti, spika mbili za juu ya paa zikalipuka kwa muziki wa dansi. Ulikuwa wimbo aliokuwa anaupenda marehemu, uliotengwa kwa ajili ya chakula cha mchana ukumbini. Waombolezaji wakageuka. Dereva akaona nyuso zimemgeukia, vinywa viko wazi, akadhani wanasema hawasikii vizuri. Akaongeza sauti.

Mpaka shemeji wa marehemu alipopiga kiganja kwenye boneti, mjane alikuwa ameshakaa chini kwenye ngazi.

Bosi hakumfokea. Alimwita ofisini jioni ile, akamwambia maneno machache tu: Jumamosi ijayo likitokea tena, funguo aziache mezani. Miaka ishirini na mbili, na unga ulikuwa unakaribia kumwagika kwa sababu ya kubonyeza kitufe kimoja.

Jumatatu asubuhi gari jeusi refu likafika mbele ya karakana kwa mwendo usiofaa kwa gari la aina hiyo. Waosha magari wakabaki wameshika matambara.

"Umeniua, fundi!" dereva alisema kabla hajashuka.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Hakuna shikamoo leo. Umeniua."

Miwani Mbili naye si wa kuonewa. "Redio ilitoka hapa inaandika, na ulishuhudia kwa macho yako mawili!" Akaingia chini ya dashibodi kwa hasira. Alipoukuta waya wake uko imara, akapaza sauti: "Washa!"

Kimya.

"Mzee, washa redio."

Kimya.

"Mzee! Washa!"

"Niwashe nini?" akaitikia mume wake kutoka ng'ambo ya mbao.

Fundi akatoa kichwa. Dereva alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka miguuni pake, anatazama gari linalooshwa kwa povu, ametulia kama yuko peke yake duniani. Hakuwa amenuna wala kuringa. Miwani Mbili akaelewa papo hapo.

Akainuka, akasimama mbele yake uso kwa uso. "Mzee wangu, tangu lini husikii?"

Dereva aliisoma midomo yake, na uso ukamshuka. Akamsogelea fundi, akainama sikioni pake, akamnong'oneza kwa kipimo chake mwenyewe cha kunong'ona: "Usimwambie mtu!"

Waosha magari wote watano wakageuka.

"Nilitaka kucheka na kulia pamoja," anasema Miwani Mbili. "Nikamshika mkono nikamkalisha ndani ya gari lake, nikafunga milango."

Humo ndani ndimo dereva alipofunguka. Masikio yalianza kumpotea alipokuwa na miaka arobaini na sita. La kushoto lilikwenda kwanza, la kulia likafuata taratibu. Barabarani alijifunza kutazama vioo mara tatu pale wengine wanapotazama mara moja, na hajawahi kugonga hata kuku. Mazungumzo aliyapata kwenye midomo ya watu. Lakini wimbo hauna midomo.

"Kile kioo ndicho sikio langu, fundi," alimwambia. "Kikiandika jina, najua kinachotoka juu ya paa. Kikiandika namba, mimi niko gizani. Nimebakiza miaka michache nistaafu. Nikimwambia bosi, nani atamwachia kiziwi gari la mazishi?"

Miwani Mbili aliuliza CD za zamani ziko wapi. Dereva akafungua kisanduku cha dashibodi: zilikuwemo arobaini na tatu, kila moja imeandikwa tarehe kwa kalamu nene. Mume akaitwa aje na karatasi. Wakaziingiza moja baada ya nyingine, mume akiandika.

CD zote mpaka katikati ya mwezi wa tatu zilikuja na majina. Zote za baada ya hapo zilikuja na namba. Redio ile ile, waya ule ule.

"Nilikaa chini pale sakafuni," anasema, na hapa sauti yake inapungua. "Nilimfungulia mtu redio nzima. Nikambadilishia waya ambao ungeishi miaka mingine kumi. Nikajaribu kwa CD yangu, nikapokea pesa yake, nikamtuma akaaibike mbele ya mjane. Sikumwomba CD yake hata moja. Moja tu, ningeona."

Pesa alimrudishia pale pale. Kisha akamwuliza swali: mwezi wa tatu kulitokea nini ofisini?

Dereva akafikiri. Hakukuwa na jambo. Kompyuta ni zile zile. Ah, katibu muhtasi alistaafu. Alifanyiwa sherehe ndogo, wakala keki. CD sasa zinachomwa kwenye duka la kopi, pale kona.

Jumanne mchana Miwani Mbili alifunga karakana, jambo analolifanya kwa nadra kama kuugua, akaenda kubisha hodi kwa katibu mstaafu. Ni mama wa miaka sitini na mitatu, mfupi, anayeongea taratibu kama mtu anayesomea mwingine imla. Sebuleni kwake kompyuta ya zamani imefunikwa kwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, na pembeni yake kuna kikombe kilichojaa penseli zilizochongwa.

Mgeni hakuwa amemaliza hata kueleza shida yake.

"Yule dereva," akasema mama yule. "Amekosea wimbo?"

"Umejuaje, mama?"

"Mwanangu, mimi nimejua miaka kumi na mmoja. Siku moja nilimwuliza saa ngapi, akanijibu 'wote wazima, asante'. Kesho yake nikamwuliza jambo jingine nikiwa nimempa mgongo, hakujibu kabisa. Nikaenda nyumbani nikafikiri. Mtu mwenyewe ana haya kupita kiasi. Ukimgusia, ataacha kazi mwenyewe. Nikasema basi, nitamwandikia."

Hakuwa ameagizwa na mtu. Programu ya kuchomea CD ilikuwa na nafasi ya majina ambayo hakuna aliyeijali ofisini. Akaanza kuijaza. Kisha akaenda siku moja kwenye gari la mazishi dereva akiwa mapumzikoni, akakaa, akatazama kioo, akagundua kwamba kinaonyesha herufi kumi na mbili kwa mara moja na zilizobaki zinapita kama siafu. Mtu anayeendesha hawezi kungoja herufi zipite.

Basi akaanza kuhesabu kwa penseli. Hakuandika tu jina la wimbo. Alitanguliza kazi yake, jina likafuata nyuma: KUTOKA NDANI. NJIANI POLE. KABURINI 1. Na kwa nyimbo za furaha zilizotengwa kwa chakula: UKUMBINI TU. Kila Ijumaa, kwa miaka kumi na mmoja.

"Dereva alidhani redio ndiyo inayoandika," anasema Miwani Mbili. "Alidhani ni redio nzuri sana. Alikuwa anaisifu kwa watu!"

Katibu mstaafu alikubali kuichoma CD ya Jumamosi na kumfundisha fundi namna ya kuandika. Aliomba kitu kimoja tu: dereva asiambiwe.

Ombi hilo lilimnyima fundi raha. Mama amesitiri miaka yote, nani yeye wa kufunua? Lakini alikuwa na sharti lake, na safari hii kilichokuwa kimeharibika hakikuwa waya. Jioni akamweleza mume, ambaye wakati huo alikuwa na pini tatu mdomoni.

"Umewahi kumrudishia mtu gari bila kumwambia ulichokuta?" mume akauliza kupitia pini.

"Sijawahi."

"Basi unaniuliza nini?"

Jumatano alimwita dereva, akamkalisha mahali penye mwanga ili aione midomo yake vizuri, akamwambia yote, polepole. Redio yako haijawahi kuumwa. Kuna mtu alikuwa anakuandikia. Alijua. Aliomba usiambiwe, na mimi nimeshindwa kunyamaza, unisamehe.

Dereva alitazama viganja vyake.

"Miaka mingapi?" akauliza.

Miwani Mbili akaonyesha vidole kumi, halafu kimoja.

"Kumi na mmoja," dereva akarudia. Akatoa leso iliyokunjwa vizuri, akafuta macho waziwazi, hakujificha. "Na kila Ijumaa alikuwa ananipa CD mkononi, ananiambia tu 'safari njema'."

Jumamosi ilifika. Aliyezikwa alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke aliyefundisha nusu ya watu waliosimama uani pale. Bosi wa kampuni alikuja mwenyewe, amevaa suti, amesimama karibu na gari kuliko kawaida yake. Miwani Mbili hakumjua marehemu hata kwa sura, lakini alikuwa getini na kitenge kipya, roho mkononi. Katibu mstaafu alikuwa kati ya waombolezaji. Yeye alifundishwa na marehemu kusoma.

Mlango ukafunguliwa. Wabeba jeneza wakatokea. Dereva akainama kwenye usukani, akatazama kioo, akabonyeza.

Kwa muda wa pumzi moja hakukuwa na sauti yoyote. Kisha kwaya ya wanawake ikaanza juu ya paa, taratibu, wimbo ambao mwalimu alikuwa anawaimbisha watoto asubuhi kabla ya masomo. Watu wazima wenye mvi wakaanza kuuimba bila kuambiwa.

Dereva hakuweza kusikia kwamba ndio wimbo wenyewe. Aliinua kichwa akatafuta uso. Akamwona katibu, naye katibu akainamisha kichwa kidogo: ndiyo. Dereva akavua kofia yake, akaishika kifuani, na alikuwa anamtazama mama yule, si jeneza.

"Hapo mimi nilishindwa," anasema Miwani Mbili. "Nililia msiba wa mtu nisiyemjua mpaka wenyeji wakaniletea kiti."

Jumatatu yake, bila kusukumwa na mtu, dereva aliingia ofisini kwa bosi akafunga mlango, akasema mwenyewe kwamba hasikii. Bosi alimtazama kwa butwaa.

"Kumbe!" akasema. "Miaka yote nakuita hugeuki, mimi nilidhani una kiburi."

Hakumfukuza. Alimpeleka hospitali, na ikachukua wiki tano za vipimo na barua kabla ya kuruhusiwa kushika usukani tena, wiki ambazo dereva anakiri hakulala vizuri. Leo ana kifaa kidogo nyuma ya sikio la kulia, kinachomsaidia kidogo tu, na kioo cha ziada upande wa kushoto wa gari. Amebakiza mwaka mmoja na miezi minne astaafu. Miwani Mbili ameiandika tarehe hiyo ukutani kwa chaki, juu ya rafu.

Kazi ya kuandika majina sasa ni yake. Kila Ijumaa saa tisa alasiri anaweka bisibisi chini, anafungua kompyuta aliyoinunua imetumika, na anahesabu herufi mpaka kumi na mbili. Katibu mstaafu huja mara moja moja kumsahihisha, na humsahihisha kweli kweli.

Anajua kwamba muda wa fani hii unahesabika. Magari mapya yanakuja bila hata tundu la kuingizia CD. Mwezi mzuri anapokea redio sitini, miaka mitano iliyopita zilikuwa mia na zaidi. Anajifunza skrini za kisasa, usiku na mchana wa Jumapili, kwa kitabu alichochapiwa kurasa mia mbili.

Ijumaa hii dereva amekuja kuchukua CD ya kesho. Kola imesimama kama kawaida. Fundi yuko mezani, amempa mgongo, anaongea huku printa ndogo ikikoroma kuchapa orodha ya nyimbo: kwamba kuanzia mwezi ujao ataenda kwenye maduka ya kopi yote manne ya mtaa huu, moja kila Jumatatu, awafundishe kuandika majina kwenye CD wanazochoma, bure, maana huwezi kujua nani anaendesha gari huko nje akitegemea kioo, na kwamba hatabwaga manyanga mpaka neno lile la TRACK lihame mtaani kwake.

Dereva ananyoosha mkono, anamgusa bega.

"Fundi, sijasikia," anasema. "Sema tena."

Ni maneno ambayo, kwa miaka kumi na miwili, hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Sasa anayasema mara ishirini kwa siku, kwa bosi, kwa wafiwa, kwa mkewe, kwa muuza magazeti, wala sauti haimtetemeki.

Miwani Mbili anaacha printa, anazungusha kiti mpaka wanatazamana, na anaanza tena mwanzo.